Mama Malisho Anajibu: Nyasi Tele, Mbona Ng'ombe Anatafuna Mfupa?

Barua nyingi safari hii zinazunguka jambo moja: madini yaliyomo, au yasiyokuwemo, ndani ya nyasi anazokula ng'ombe. Nimezifupisha kidogo. Aliyeuliza kuhusu kupe na aliyeuliza kama ng'ombe huota ndoto, zamu yenu itafika.

SWALI: Shikamoo Mama Malisho. Nafuga ng'ombe wa nyama kwenye malisho ya asili. Mvua zimekubali, nyasi ni za kijani hadi magotini, na bado ng'ombe wangu wanaokota mifupa na kuitafuna. Wengine wanakula udongo, na mmoja nimemnyang'anya kamba mdomoni. Wanaonyonyesha wanakaa muda mrefu bila kuonyesha joto la kutaka dume. Jirani mmoja anasema ni minyoo. Mwingine anasema ni madini, lakini nisihangaike sasa, ningoje kiangazi nyasi zikikauka. Nimfuate nani? (Mfugaji wa nyama)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wa minyoo mpe haki yake: peleka kinyesi kikapimwe, maana minyoo na upungufu wa madini huweza kumkalia ng'ombe mmoja kwa wakati mmoja. Wa pili amepatia nusu, na nusu aliyokosea ndiyo itakayokugharimu.

Kundi zima likitafuna mifupa malishoni, tena kukiwa na nyasi tele, mimi huanza kufikiria fosforasi. Kiasi cha asilimia 80 ya fosforasi ya mwili wa ng'ombe imo kwenye mifupa na meno. Iliyobaki ni ndogo, lakini hakuna chembe hai inayoweza kutumia nguvu ya chakula bila hiyo. Ikipungua kwenye malisho, ng'ombe anaanza kukopa kwenye mifupa yake mwenyewe. Hamu ya kula inashuka, maziwa yanapungua, joto linachelewa, na mambo yakizidi utamwona anatembea kwa kukakamaa na mifupa inavunjika ovyo. Hilo la joto kuchelewa ndilo linalowaumiza wafugaji wengi bila wao kujua chanzo, kwa kuwa ng'ombe kwa macho anaonekana mzima.

Kazi ya kwanza ni leo, si kesho: zungukeni malishoni, okoteni mifupa na mabaki ya mizoga, mchome au mfukie kwa kina. Karibu mwaka 1920 huko Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler alikuwa akichunguza ugonjwa wa kupooza uliokuwa ukiua ng'ombe wengi, wenyeji wakiuita lamsiekte. Mnyororo alioufumbua ni huu: udongo una fosforasi kidogo, kwa hiyo nyasi nazo zina kidogo, kwa hiyo ng'ombe wanatafuta mifupa, na mifupa ya mizoga iliyooza inabeba sumu ya bakteria wa botulizimu. Ng'ombe walikuwa wakifa kwa sumu, lakini kilichowapeleka kwenye sumu ni nyasi. Walipopewa unga wa mifupa uliosafishwa, waliacha kuhangaika na mizoga. (Unga huo msiukimbilie leo. Nchi nyingi zimekataza kuwalisha ng'ombe mabaki ya wanyama kwa ajili ya kichaa cha ng'ombe, na fosforasi ya chanzo kingine inapatikana.) Chanjo ya botulizimu ipo. Mwulize daktari wa mifugo wako kama inafaa kwako.

Sasa hilo la kungoja kiangazi. Jirani yako anasoma karatasi za maabara vizuri. Nyasi changa zilizochipua upya zinaweza kuwa na fosforasi asilimia 0.25 hadi 0.3 ya uzito wake zikikaushwa maji yote. Zikitoa maua kiasi hicho kinashuka sana. Zikikaukia shambani hubaki na asilimia 0.1 au pungufu, na kwenye udongo maskini nimeshika majibu ya 0.05. Madini mengine yanarudi mizizini, mengine yanaingia kwenye mbegu na kudondoka nazo, mengine yanasombwa na mvua kutoka kwenye majani yaliyokwisha kufa. Potasiamu nayo hushuka vivyo hivyo. Kalsiamu haishuki sana, kwa hiyo nyasi zilizozeeka huwa na kalsiamu ya kutosha ilhali fosforasi imekwisha. Kwa hesabu hiyo kiangazi ndicho kibaya zaidi, sivyo?

Sivyo, kwa sababu ng'ombe hali karatasi. Kiangazi nyasi hizo hizo zimepoteza protini pia. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumbo kubwa vinavyomsagia nyuzi vinakufa njaa, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu, naye anakula kidogo. Hakui, hatoi maziwa ya maana, hajengi kitu. Mnyama asiyejenga hahitaji fosforasi nyingi, na kiasi fulani huizungusha mwenyewe kwa mate: inatoka kwenye damu, inaingia tumboni, inanyonywa tena. Ukimpa fosforasi peke yake wakati huo umeweka matofali mahali pasipo na fundi. Anza na protini: mikunde malisho, mashudu, au tofali la urea lenye usimamizi makini (urea ikilowa mvua na ng'ombe wakanywa maji yake, inaua).

Wakati wa mvua mambo yanageuka. Protini ipo, nguvu ipo, ndama ananyonya, mtamba anarefuka. Kila kitu kiko tayari kujenga isipokuwa fosforasi, ambayo inakuwa ndiyo kikwazo. Ndiyo maana majaribio ya malisho ya kitropiki yameonyesha tena na tena kwamba fosforasi inalipa zaidi ikitolewa nyasi zikiwa za kijani. Ukisubiri kiangazi umesubiri hadi uhitaji umepita.

Tupige hesabu ya ng'ombe mmoja. Ana kilo 300, ananyonyesha kiasi cha lita 5 kwa siku, anakula kilo 7.5 za nyasi zikihesabiwa kama kavu kabisa. Nyasi za udongo wenu, hata zikiwa za kijani, tuseme zina asilimia 0.12. Anapata gramu 9. Kuutunza mwili wake tu kunataka kama gramu 7, na maziwa yanataka 7 nyingine. Amepungukiwa gramu 5 kila siku, na gramu hizo zinatoka mifupani. Poda ya daikalsiamu fosfeti, ile inayofupishwa DCP, ina fosforasi karibu asilimia 18, kwa hiyo gramu 28 hadi 30 zinaziba pengo hilo. Changanya DCP na chumvi ya kawaida nusu kwa nusu, weka kwenye kihori chenye paa karibu na maji, na angalia kwamba kila ng'ombe anakula kiasi cha gramu 60 kwa siku. Chumvi ndiyo inayomvuta. DCP peke yake ng'ombe wengi huinusa na kuondoka.

SWALI: Mama, hujambo? Nina nyasi za kikuyu na mtama wa malisho, ng'ombe wa maziwa wanalamba kuta, wanalambana jasho, na wanagombea mkojo. Rafiki yangu ana nyasi za Rhodes na ng'ombe wake hata chumvi ukiwawekea wanaipita. Je, nyasi zake ni bora kuliko zangu? (Mwenye zizi la maziwa)

JIBU: Sijambo. Kwa sodiamu, ndiyo, zake zimezishinda zako. Kwa mengine tusigombane.

Nyasi zimegawanyika katika jambo hili kuliko watu wanavyodhani. Zipo zinazopandisha sodiamu hadi kwenye majani, kama Rhodes, setaria na baadhi ya aina za Panicum. Na zipo zinazoizuia mizizini: nyasi za kikuyu, mtama, mahindi. Hizi unaweza kuzipanda kwenye udongo wenye sodiamu ya kutosha, na jani likaja maabara na asilimia 0.03 au chini ya hapo. Ng'ombe wa nyama hutaka kiasi cha 0.06 hadi 0.1. Ng'ombe wa maziwa mengi hutaka karibu mara mbili ya hapo, maana kila lita ya maziwa inaondoka na kama nusu gramu ya sodiamu.

Ng'ombe hufahamu upungufu huu mapema kuliko mwingine wowote. Mate yake kwa kawaida yamejaa sodiamu, nayo ndiyo inayotuliza uchachu wa tumbo kubwa. Ikikosekana, mwili unaweka potasiamu kwenye mate badala yake, na kwa muda mambo yanaenda. Daktari anaweza kupima mate hayo akajua hali bila kuchoma sindano. Wakati huo ng'ombe analamba ukuta, jasho, mkojo, mpini wa jembe, mkono wako.

Usiumize kichwa. Ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 10, akila kilo 10 kavu za nyasi zako, anapata sodiamu gramu 3 na anahitaji kama 14. Chumvi ya kawaida ni sodiamu kwa asilimia 39, kwa hiyo gramu 30 za chumvi kwa siku zinamaliza ugomvi wa mkojo. Ni tiba rahisi kuliko zote nitakazozitaja katika safu hii, na ndiyo inayosahauliwa zaidi na watu wanaonunua madini ya bei kubwa. Maji yawe mengi na yasikosekane.

Angalia pia mbolea yako. Ukimwaga mbolea ya potasiamu nyingi, au samadi na mkojo mwingi mahali pamoja, nyasi zinajijaza potasiamu na kuacha sodiamu na magnesiamu. Nyasi changa zinaweza kufikisha potasiamu asilimia 3 wakati ng'ombe anahitaji 0.6 au 0.7 tu, yule wa maziwa zaidi kidogo. Ziada hiyo humzuia ng'ombe kufyonza magnesiamu.

Na kabla hujamsifu rafiki yako, mwulize anawanywesha maji gani. Kisima chenye maji ya chumvi humfanya ng'ombe aipite chumvi, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu kama fosforasi yako umeichanganya na chumvi, ataipita nayo. Kwa kundi kama hilo punguza chumvi kwenye mchanganyiko na utumie pumba au molasi kuwavutia.

Wanyama pori wenyewe huchagua. Mwaka 1988 mtafiti Samuel McNaughton alichapisha kazi yake ya Serengeti: mahali ambapo makundi ya wanyama yalikuwa yakikaa kwa wingi, nyasi zilikuwa na sodiamu, magnesiamu na fosforasi zaidi kuliko sehemu za jirani ambako walikuwa wachache. Hawana maabara, lakini wana miguu na hawana seng'enge. Ng'ombe wako umemfungia kwenye aina moja ya nyasi, kwa hiyo jukumu la kuchagua limekuja kwako.

SWALI: Mimi nanunua jiwe jekundu la kulamba kwa sababu nimeambiwa wekundu ndio madini. Jeupe ni chumvi tu. Kweli? (Msomaji wa kila toleo)

JIBU: Wekundu kwa kawaida ni oksidi ya chuma, yaani kutu iliyosagwa. Mwili hauinyonyi vizuri, na hata ingenyonywa, chuma ndiyo madini ambayo nyasi za kitropiki hazina upungufu nayo: ng'ombe anahitaji miligramu 50 hivi kwa kilo ya malisho makavu, na nyasi huja na mia na kitu, mara nyingi mia kadhaa. Soma lebo, usisome rangi. Tafuta mstari wa fosforasi. Kwa malisho yenye upungufu mimi sinunui mchanganyiko wenye fosforasi chini ya asilimia 6. Mawe mengi ya kulamba, ukiyasoma, ni chumvi zaidi ya asilimia 90 pamoja na chembechembe za shaba na kobalti, na fosforasi hakuna kabisa. Si wizi, chumvi ina kazi yake, ila usidhani umemaliza. Jiwe gumu nalo lina shida: ulimi hauwezi kukwangua cha kutosha kwa siku. Poda kihorini huliwa zaidi.

SWALI: Shikamoo mama. Nimefuata ushauri wako wa zamani nikapeleka nyasi maabara. Nilikata kwa panga karibu na ardhi, nyingine nikang'oa, wiki tatu baada ya kuwatoa ng'ombe. Majibu: fosforasi asilimia 0.24, kalsiamu 0.38, na kwa miligramu katika kila kilo ya nyasi kavu: chuma 1,900, shaba 6, molibdeni 4, zinki 22. Nimefurahi kuona chuma nyingi. Ila ng'ombe wangu weusi wanageuka rangi ya kutu, hasa kuzunguka macho, na ndama wanaharisha. Nisome vipi? (Mwenye karatasi mkononi)

JIBU: Marahaba. Nimefanya kazi ya kusaga nyasi za watu kwa miaka mingi, na karatasi kama yako nimezikunja nyingi. Tuisome kwa utaratibu ambao mimi huufuata, na wa kwanza si ule unaoanza juu.

Chuma 1,900. Hiyo si nyasi, huo ni udongo. Umekata chini na kung'oa, ukanipimia shamba. Ukiona chuma imeruka namna hiyo, tia shaka na kobalti na manganizi kwenye karatasi hiyo hiyo, maana udongo hubeba yote. Lakini usiitupe namba hiyo moja kwa moja: kama malisho yako yameliwa hadi yamebaki kipara, ng'ombe naye anameza udongo kila anapokata, na chuma hiyo tumboni humzuia kufyonza shaba. Kumbuka hilo, tutalirudia hapa chini.

Fosforasi 0.24 ni nzuri, na ndiyo itakayokudanganya. Ni ya nyasi za wiki tatu. Ng'ombe wako watazila zikiwa za wiki tatu tu? Kama mzunguko wako unawarudisha baada ya wiki saba, zikiwa zimetoa maua na mashina yamekuwa magumu, namba yako ni nyingine. Karatasi moja inaeleza siku moja. Ukipata uwezo wa kupima mara mbili tu kwa mwaka, pima katikati ya mvua na nyasi zikianza kugeuka rangi.

Kalsiamu 0.38 inatosha ng'ombe wa kawaida, ila aliyezaa karibuni na anatoa maziwa mengi atataka nyongeza. Zinki 22 iko chini: lengo ni 30 hivi. Ukiona ngozi inapasuka puani na miguuni, au kwato zinaharibika, utajua inakuhusu.

Sasa shaba. Sita, na lengo ni kama 10. Pungufu, lakini si pungufu ya kutisha, na mtu asiyejua angeishia hapo. Tazama iliyo jirani yake: molibdeni 4. Hizi mbili hazipendani. Ndani ya tumbo kubwa, molibdeni na salfa hushikana, kisha pamoja huikamata shaba isinyonywe. Ninagawanya shaba kwa molibdeni: 6 kwa 4 ni moja na nusu. Ikiwa chini ya mbili, hata shaba inayoonekana ya kutosha haimfikii ng'ombe. Ongeza ule udongo wenye chuma anaoumeza, na salfa ya maji ya kisima kama ipo, na unapata ng'ombe mweusi anayekuwa wa kutu. Rangi nyeusi ya nywele hutengenezwa kwa kimeng'enya kinachohitaji shaba, kwa hiyo nywele ndizo zinazoanza kusema. Kuharisha kwa ndama kunaweza kuwa na sababu kumi nyingine, ila kwenye molibdeni nyingi ni dalili inayojulikana.

Usikimbilie kumpiga kila mnyama sindano ya shaba. Kwanza daktari apime. Damu husaidia, lakini ini ndiyo ghala la shaba, na damu inaweza kuonekana sawa wakati ghala limebaki tupu. Ukichinja mmoja, kipande cha ini lake kina habari nyingi kuliko chupa za damu za kundi. Shaba ikizidi nayo huua, kwa hiyo vipimo havikwepeki. Na kama umemwaga chokaa shambani, simama kidogo: chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na hapo mmea hunyonya molibdeni zaidi, kobalti na zinki kidogo zaidi.

Mara nyingine chukua sampuli hivi. Wafuate ng'ombe wakila, uone wanachokata, kisha uchume kwa vidole urefu uleule na sehemu ileile. Ng'ombe mwenye nafasi hula majani na kuacha mashina, na jani lina madini mengi kuliko shina. Ukimpelekea mtu wa maabara bua zima umempelekea chakula asichokula mnyama wako. Zichume nyasi sehemu nyingi, mahali pa maji na pa kilima, changanya pamoja. Kama lazima kisu, kiwe cha chuma kisichoshika kutu, na usikusanyie kwenye ndoo wala beseni la mabati, maana mabati yana zinki na utapata furaha ya uongo. Mfuko wa karatasi, si wa plastiki: nyasi zikitoa jasho zinaoza. Kausha kivulini. Kisha andika kwenye mfuko aina ya nyasi, umri wake, tarehe na mbolea. Mfuko usio na maandishi nilikuwa nauweka pembeni, na wengine pembeni hiyo waliisubiri sana.

SWALI: Kondoo wangu wanachunga pamoja na ng'ombe. Wanaweza kulamba madini ya ng'ombe? (Mama wa kondoo)

JIBU: Hapana, dada yangu. Shaba inayomfaa ng'ombe humjaa kondoo kwenye ini kimyakimya, halafu siku moja inaachiliwa yote kwenye damu, mkojo unakuwa mwekundu na kondoo amekufa. Wanunulie ya kondoo, au weka kihori cha ng'ombe juu wasikokifikia.

SWALI: Mama Malisho, nina eneo moja la malisho ambalo ng'ombe wakikaa miezi kadhaa wanakonda na nyasi ziko miguuni mwao. Minyoo tumetibu. Nikiwahamishia eneo lingine, nyasi mbaya zaidi kwa macho, wananenepa. Wazee wanasema pana laana. (Mwenye maeneo mawili)

JIBU: Wazee wameona jambo la kweli, jina tu ndilo tutakalobadilisha. Nadhani ni kobalti, na ukitaka kujua jinsi jambo hili lilivyo la kawaida, Kenya liliwahi kupewa jina la mji: ugonjwa wa kukonda wa ng'ombe wa upande wa Nakuru uliitwa nakuruitis, na chanzo kikaonekana ni upungufu wa kobalti. New Zealand na Australia nako walikuwa na majina yao, na jawabu lilipatikana miaka ya 1930.

Nyasi yenyewe haihitaji kobalti kwa namna inayoonekana. Inaweza kustawi na kung'aa ikiwa na kidogo mno. Wenye kuihitaji ni vijidudu vya tumboni, vinavyoitumia kutengeneza vitamini B12, na bila B12 ng'ombe hawezi kugeuza chakula cha tumboni kuwa nguvu. Kwa hiyo anakaa katikati ya shibe akifa njaa. Hamu inaisha, manyoya yanasimama, damu inapungua, macho yanatoa machozi. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno: miligramu 0.1 kwa kilo moja ya malisho makavu. Ndama na wanaokua huathirika kwanza.

Kupima kobalti kwenye nyasi ni kazi ya kuchosha kwa sababu ya vumbi, kama nilivyomwambia mwenzako. Njia nyepesi ni kujaribu. Daktari awapige sindano ya B12 wachache kati ya waliokonda, wengine wa hali ileile waachwe, wote walishwe eneo hilohilo. Waliopigwa wakianza kula kwa fujo ndani ya wiki moja au mbili, umepata jibu. Kisha weka chumvi yenye kobalti, kila siku, maana mwili hauiwekei akiba ya maana, au tumia vidonge vizito vinavyokaa tumboni vikiyeyuka polepole. Kuhamisha kundi kwa zamu, kama unavyofanya, pia ni tiba halali. Endelea nayo mpaka utakapopata hiyo chumvi.

SWALI: Nina ng'ombe na farasi wawili kwenye setaria. Ng'ombe wako sawa. Farasi mmoja uso umevimba pande zote mbili juu ya taya, na anachechemea mguu huu leo, ule kesho. Kalsiamu ya nyasi niliipima, asilimia 0.4, ambayo naambiwa inatosha. (Mpenda farasi)

JIBU: Kalsiamu ipo, ila imefungwa. Setaria ina oksalati nyingi, yaani chumvi za asidi ambazo mmea hujitengenezea, na oksalati huikamata kalsiamu ikawa fuwele ambazo farasi hawezi kuzinyonya. Mwili wake unachukua kalsiamu mifupani ili damu isipungukiwe, na mifupa ya uso hujazwa nyuzi laini badala yake. Huo ndio uvimbe unaouona. Ng'ombe amenusurika kwa sababu vijidudu vya tumbo lake kubwa hula oksalati kabla chakula hakijafika mahali pa kunyonywa. Farasi vijidudu vyake viko mwishoni mwa utumbo, kalsiamu imekwisha kupita.

Siyo setaria peke yake. Nyasi za kikuyu, Cenchrus, pangola na mabingobingo nazo zinaweza kuleta shida hiyo hiyo. Kwa farasi, gawanya kalsiamu kwa oksalati. Ikipungua nusu, ni hatari. Setaria iliyonona huweza kufikisha oksalati asilimia 4 na zaidi, kwa hiyo 0.4 yako ni sehemu moja ya kumi. Haifiki karibu.

Watoe farasi kwenye setaria. Rhodes ina oksalati kidogo, na mikunde kama lusina ya majani madogo, ile alfalfa, ina kalsiamu zaidi ya asilimia 1. Ile lusina ya mti usiwape: ina mimosini, sumu ya mti huo, na farasi hunyonyoka nywele za shingo na mkia. Wapewe pia kalsiamu na fosforasi za kuongezea, kiasi akipange daktari, kwa miezi kadhaa. Kuchechemea huisha mapema. Uvimbe wa uso ukishakuwa mkubwa huenda usirudi wote.

Na ng'ombe usiwasahau kabisa. Waliozoea hawana neno, lakini kundi geni, lenye njaa, ukilifungulia ghafla setaria changa iliyotiwa mbolea nyingi, oksalati inawazidi vijidudu kabla havijaongezeka, kalsiamu ya damu inashuka, na unaweza kukuta wamelala wanatetemeka kama wenye homa ya maziwa, ile ya ng'ombe aliyezaa akapungukiwa kalsiamu ya damu. Wageni walishe nyasi kavu kwanza washibe, kisha uwaingize saa moja au mbili kwa siku, ukiongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili.